Kanda Alizokata Hamisi

Asubuhi tuliyoondoka Babati baba yangu alikuwa sokoni akikata tairi. Nilimpitia kumuaga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, tairi la lori amelibana kwa magoti, na kila alipovuta kisu alikichovya kwenye kopo la maji ya sabuni ili kisinate kwenye mpira. Pembeni yake palikuwa na jozi za katambuga, viatu vya tairi, zimefungwa kwa kamba, zinasubiri wafugaji wa siku ya mnada. Kazi ile niliijua tangu utoto. Alinifundisha mwenyewe, nikaiweza, kisha nikaikimbia nikaenda kwenye malori.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mnaondoka?"

"Tunaondoka. Hamisi ananisubiri stendi."

"Ukiona tairi la nyuzi huko, niletee. Haya ya siku hizi yana waya ndani, yananiua kisu."

Baba alikuwa mtu wa Mbulu. Aliteremka Babati akiwa kijana, na Kiswahili chake hakikuacha ulimi wa nyumbani hadi mwisho. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipa mkono wenye sabuni, akarudi kwenye tairi lake.

Ilikuwa miaka ile Babati imefanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Kila upande palikuwa na malundo ya kokoto na mchanga. Watumishi waliohamishiwa kwetu walikuwa wakitafuta vyumba Maisaka na Nangara, na wenye maduka walisema mji umeamka. Mzee Salimu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na duka la viatu na vitambaa karibu na stendi, na lori lililonipa mimi riziki. Ukoo wake ulitoka Pwani zamani, lakini yeye alizaliwa hapahapa, na mwanawe Hamisi pia. Hamisi ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kubwa. Alikuwa amenizidi miaka kadhaa, mtu wa mashati ya kupigwa pasi na saa mkononi. Nilipovaa katambuga za baba safarini alinung'unika.

"Petro, vua hizo. Tunaonekana kama tunaswaga ng'ombe."

"Zinaingiza hewa."

"Zinaingiza aibu."

Tulipakia mbaazi, maharage na unga wa mahindi, tukapita Singida, tukavuka mpaka mmoja na mwingine, tukaingia Kongo. Tulikuwa tumefika huko mara kadhaa. Wafanyabiashara wa mji wa mpakani walituambia barabara ya msituni imetulia. Tuliongozana malori matatu. Dereva wa lori la mbele alikuwa mtu wa Kahama, mcheshi, tuliyekunywa naye chai asubuhi hiyo. Alilipa yeye chai, akasema tutamlipia kesho.

Mchana, kwenye kona yenye matope, lori lake likasimama ghafla. Tulidhani tairi limepasuka.

Kisha kioo chetu kikavunjika.

Hamisi alinivuta chini ya usukani. Risasi zilipiga bati la mlango kama mtu anayepiga nyundo. Nilisikia mtu wa Kahama akiita jina la mtu, sikulielewa, halafu hakuita tena.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje. Watu wenye bunduki na mapanga walitushusha kwa nywele na kwa mashati.

Yule wa Kahama alikuwa amelala kwenye ngazi za lori lake, kichwa chini. Mtu mmoja alikuwa anamvua viatu.

Dereva wa lori la nyuma alikimbilia kwenye majani. Walimfuata bila haraka. Walirudi wakifuta mapanga kwenye majani ya migomba.

Hapo ndipo nilipoona damu kwenye suruali ya Hamisi. Risasi ilikuwa imeingia kwenye shavu la mguu wa kushoto na kutokea upande wa pili. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mkono wake umeshika bega langu.

Walitutwisha magunia yetu wenyewe, sisi na abiria wachache waliokuwa wamepanda kwenye malori. Yaliyobaki waliyachoma pamoja na magari. Tukaingia msituni. Mimi nilibeba gunia la unga kichwani, na Hamisi nikamwegemeza kwenye mbavu. Alikuwa mzito. Nyuma yetu alitembea mzee mmoja Mkongo aliyekuwa akienda kumwona binti yake. Kwenye mlima wa kwanza alitua gunia lake, akasema anaomba kupumua kidogo. Sikusikia akilia. Nilisikia panga, kisha nikasikia gunia likibiringika.

"Usiniache nikae," Hamisi aliniambia sikioni. "Hata nikikuomba."

Aliniomba. Sikumwacha akae.

Kambi yao ilikuwa kwenye uwazi juu ya kilima, vibanda vya maturubai na majani. Mkubwa wao walimwita Komanda. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya upole, na tulimkuta ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mtoto wa fundi viatu hutazama miguu kabla ya uso. Vidole vyake vilikuwa vimeoza katikati. Nikatazama miguu ya wengine. Mabuti ya mvua yalikuwa yamepasuka na kufungwa kwa kamba za migomba. Wengi walikuwa pekupeku, nyayo zimechanika, wengine wanatembea kwa visigino.

"Kazi yenu ni gani?" Komanda aliuliza.

"Madereva," nikasema.

"Gari iliungua. Dereva ni wa nini sasa?" Akamtazama Hamisi. "Na huyu hatembei."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua imekatika. Mtu mmoja mnene wa shingo, waliyemwita Sajini, alisogea na kumshika Hamisi kwenye kola.

"Najua kutengeneza viatu," nikasema. "Mkiniletea tairi, kila mtu hapa atavaa viatu visivyooza."

Sajini alisimama. Komanda alitoa mguu mmoja majini, akautazama.

"Na huyu?"

"Huyu ndiye anayekata kanda. Mimi nakata soli na kupiga misumari. Bila yeye viatu havishiki mguuni."

Hamisi alinigeukia. Mtoto wa dukani, ambaye hata mkate alikatiwa na mkewe. Kisha akamtazama Komanda na kuitikia kwa kichwa.

Matairi ya kwanza waliyoleta yalikuwa na waya. Niliwaambia hayafai, Sajini akanipiga kofi, lakini wakarudi barabarani wakaleta tairi letu la akiba lililokuwa limening'inia chini ya lori, halikuungua. Lilikuwa la nyuzi, la zamani. Walinipa kisu, nyundo, misumari iliyong'olewa kwenye mbao za malori, na kopo. Sabuni hatukuwa nayo, tukatumia maji ya mlenda wa majani.

Walituweka chini ya turubai, mlinzi akiwa hatua chache. Nilimkalisha Hamisi akimpa mlinzi mgongo. Nikamwekea kipande cha ubavu wa tairi mapajani, nikawa namfundisha kwa sauti ya chini huku nikigonga nyundo ili nisisikike.

"Usikisukume kisu. Kivute kuja kwako."

"Kinakwenda kinapotaka."

"Kwa sababu unakikamia. Legeza kifundo. Mwili ndio uvute, mkono ushike tu."

Alijikata kidole, akajikata tena kiganja. Vipande vyake vilikuwa vinene huku na vyembamba kule. Nilivificha chini ya matako yangu, na kanda za jozi za kwanza nilizikata mimi mlinzi alipokwenda kujisaidia. Lakini Sajini hakuwa mjinga. Siku moja alikuja, akachuchumaa mbele yetu, akaitazama mikono ya Hamisi.

"Fundi gani anajikata?"

"Mguu unanipa homa," Hamisi akasema. "Mkono unatetemeka."

Sajini alichukua kipande kipya cha ubavu, akakitupa mapajani mwake. Akaweka bunduki magotini.

"Kata. Naona."

Nikaacha kugonga.

Hamisi alichovya kisu majini. Alikiweka ukingoni mwa mpira, akashusha pumzi, akavuta.

Kisu kilipita.

Akachovya tena, akavuta tena. Nilikuwa natazama bega lake, si mkono. Bega lilikuwa limelegea. Ukanda ulitoka ukiwa mwembamba kidogo katikati, lakini ulikuwa ukanda. Sajini aliuzungusha kwenye kifundo chake cha mguu, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukukatika.

"Fanyeni kazi," alisema, akaondoka.

Hamisi alibaki ameshika kisu. Jasho lilikuwa likimtoka puani. Halafu, taratibu, akatabasamu. Si kwa ajili ya kuokoka, nilimjua vizuri. Alikuwa anautazama ukanda.

Baada ya hapo kazi ilimwingia. Sijui niseme vipi ili nisieleweke vibaya, maana pale watu walikuwa wakiuawa. Waliokamatwa pamoja nasi walipungua mmoja mmoja, kwa mizigo, kwa kuhara, kwa hasira ya mtu aliyeamka vibaya. Tulikula mihogo michungu. Kidonda cha Hamisi kilitoa harufu kabla hakijapona. Lakini asubuhi akikaa na kisu, uso wake ulitulia. Alinyoosha kingo za kanda hadi zikawa laini kama pindo la kanga. Alianza kuzikata vimeno vidogovidogo pembeni, pambo ambalo sikumfundisha na hata baba hakuwa nalo. Akataka na soli nimfundishe.

"Nimeuza viatu tangu kichwa changu hakijafika mezani," aliniambia. "Nimeuza, nimepima, nimepanga kwenye rafu. Sijawahi kutengeneza kitu hata kimoja kwa mkono wangu. Na hii ndiyo kazi uliyomkimbia baba yako?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mjinga, Petro."

Tulicheka. Mlinzi alitugeukia, tukainama.

Viatu vilipowatosha watu, walianza kwenda mbali. Hapo awali walikuwa wakishambulia barabara tu, kwa sababu miguu haikuwaruhusu zaidi. Sasa walishuka mabondeni, wakakaa huko siku kadhaa, wakarudi wakiimba. Walirudi na mbuzi, magodoro, masufuria. Mara moja walirudi na wasichana wawili waliofungwa kamba moja kiunoni. Mmoja alikuwa na sare ya shule. Sikujua jina lake. Sauti yake niliijua, maana ilitufikia kutoka vibandani mchana kutwa, hadi ilipokauka.

Siku hiyo Sajini alinitupia katambuga iliyolegea msumari. Niliiosha kwanza, kwa kuwa huwezi kupiga msumari kwenye tope. Maji ya kopo yakabadilika. Yalianza kuwa ya kahawia, kisha yakawa mekundu. Kwenye vimeno vya ukanda, vile vidogovidogo, kulikuwa na kitu kimekwama. Zilikuwa nywele.

Hamisi alikuwa anatazama. Alinyoosha mkono, akachukua ile katambuga, akatoa zile nywele kwa ncha ya kidole, akazifukia chini pale alipokaa.

Hakukata tena vimeno.

Nilimwona siku chache baadaye akigeuza ncha ya kisu chini ya ukanda, upande wa ndani, pale panapofichwa na msumari. Aligusa tu, kama mtu anayechanja chale.

"Unafanya nini?"

"Nakata."

"Hamisi, watatuua."

"Wewe piga misumari yako. Kanda ni zangu."

Nilimsihi. Nilimtajia Mama Shufaa, mkewe, na watoto wake waliobaki Maisaka. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia tulipokuwa tunajadili barabara gani tupite, "Mtu aliyekatikiwa kiatu huchelewa. Yeye akichelewa, kuna mwingine anayewahi kukimbia."

Nikapiga misumari.

Ile chale ilitaka ufundi kuliko vimeno. Ikizidi, ukanda ungekatika hapohapo kambini. Ikipungua, isingefanya kitu. Aliupima kwa kuukunja karibu na sikio, akasikiliza mpira. Nilimwona akitupa kanda ambazo hakuridhika nazo. Sijapata kuona mtu akifanya kazi kwa makini vile, wala mtu aliyejua vizuri vile ni kwa nini anaifanya. Nami nikaanza kuficha vichwa vya misumari mahali anapotaka.

Ilikwenda hivyo kwa muda. Viatu vilirudi vimekatika, wakalaumu mawe, wakalaumu tairi kuukuu. Sisi tukatengeneza vingine.

Kisha wakarudi mchana mmoja wakiwa wachache, hawaimbi. Walibeba majeruhi wao kwenye blanketi. Watu wa kijiji walichokiendea walikuwa wamewahi kuondoka, na askari wa serikali walikuwa wamewahi kufika. Sajini alitembea pekupeku. Katambuga zake alizishika mkononi.

Alizitupa mbele ya Komanda.

Komanda aliomba na za wengine. Akazipanga chini, akachukua kanda moja moja, akazigeuza upande wa ndani. Zote zilikuwa zimekatikia mahali pamoja. Nusu ya kwanza ya mkato ilikuwa laini. Nusu ya pili ilikuwa imechanika.

"Nani anakata kanda?"

"Mimi ndiye fundi," nikasema. "Kila kitu kinachotoka hapa ni changu."

Sajini alinipiga kwa kitako cha bunduki chini ya sikio. Nilianguka. Sikio hilo halijasikia tena.

Kwa lile jingine nilimsikia Hamisi.

"Huyo anapiga misumari tu. Siku ya kwanza aliwaambia. Anayekata kanda ni mimi."

Maneno yale ya siku ya kwanza niliyasema ili apone.

Nilijaribu kuinuka, mtu akaniwekea mguu shingoni. Ulikuwa umevaa soli yangu.

Hamisi aliomba maji ya kutawadha. Walimnyima. Akapiga viganja vyake juu ya udongo, akapangusa uso, akapangusa mikono, mmoja kisha mwingine, bila haraka. Viganja vyake vilikuwa vimejaa makovu ya kisu. Komanda alimwacha amalize.

Sajini alimpiga risasi akiwa amepiga magoti.

Walinipa jembe. Ardhi ilikuwa na mizizi mingi. Nilipomaliza walinirudisha chini ya turubai, wakaniwekea tairi mapajani, na kuanzia hapo kanda nilikata mimi, mlinzi akizigeuza moja moja.

Askari wa serikali walikuja na mizinga siku ambayo ukungu ulichelewa kutoka. Bomu la kwanza liliangukia vibanda vya chini. Kila mtu alikimbia upande wake. Mlinzi wangu alikuwa amelala chali, turubai limemfunika nusu, anatafuta kitu kwa mkono ambao haukuwepo. Nilimruka. Niliteremka kilima nikiwa nimevaa katambuga nilizojitengenezea, nikafuata mto, nikala majani niliyoona nyani wakila, nikatokea kwenye shamba la mihogo.

Wanawake watatu walikuwa wanapalilia. Mmoja alinitazama usoni, kisha akaitazama njia niliyopita. Kwenye tope palikuwa na nyayo zangu, na ndani ya kila unyayo alama za tairi.

"Njo alama yao," alisema, "njo" yao ikiwa "ndiyo" yetu. "Njo wale."

Walikuja wanaume. Walinipiga kwa mipini ya majembe. Sikuwalaumu wakati ule, na siwalaumu sasa. Kijiji kile kilikuwa kimezika watu, na asubuhi za mazishi walikuwa wamezikuta alama zile mlangoni. Mvulana fulani wa umri wa mwanangu alinivua katambuga akanipiga nazo usoni. Aliyeniponya alikuwa katekista wao. Aliisikia lafudhi yangu nikimwomba Mungu, akasema huyu ni mtu wa Tanzania, mwacheni aseme. Nilisema. Walinipa maji na uji. Lakini yule mwanamke wa kwanza alibaki amesimama mbali, hakukaribia, na nilipoondoka hakunijibu nilipoaga.

Babati nilifika nimekonda hadi mbwa wa nyumbani akanibwekea. Mke wangu, Mama Agnesi, alikuwa ameshavaa nguo za msiba akazivua. Baba alikuwa amefariki nikiwa msituni. Vifaa vyake vilikuwa kwenye gunia nyuma ya mlango, na mahali pake sokoni palikuwa pamekaliwa na muuza nyanya.

Kabla hata sijakwenda kaburini kwa baba, nilikwenda dukani kwa Mzee Salimu. Alifunga mlango, akakaa kwenye gunia la mitumba, nikamwambia yote. Aliuliza jambo moja tu.

"Alitawadha?"

"Walimnyima maji, mzee. Alitayamamu."

"Alhamdulillahi," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, "Alhamdulillahi."

Gari sikuweza tena. Nilikodi shamba Singe, nikalima mahindi. Harufu ya mpira ilinitapisha. Kijana akipiga honi barabarani nilijikuta nimelala kwenye matuta. Mama Agnesi alivumilia mengi ambayo sitayaandika.

Msimu wa pili wa mavuno, Mzee Salimu alikuja nyumbani Nangara, mchana, amevaa kanzu, nyuma yake mkokoteni umebeba tairi.

"Ni la nyuzi," alisema. "Nimeulizia kwa mafundi wanaolijua."

"Mzee, mimi siwezi."

"Sikuombi uwe fundi. Nataka kuona mwanangu alikuwa anafanya nini. Nimemlea, nimemsomesha, nimemwozesha. Kile kipande cha mwisho sikukiona."

Mama Agnesi ndiye aliyekwenda nyuma ya mlango akaleta gunia.

Nilikikamata kisu cha baba. Nilitapika mara moja, nikanawa, nikarudi. Mzee Salimu alikuwa ameketi chini na kanzu yake, miguu ameinyoosha, anangoja. Nilikata soli, nikaziweka kando. Kisha nikampa yeye kisu na kipande cha ubavu.

"Usikisukume, mzee. Kivute kuja kwako."

Alijikata. Sote hujikata. Alipopata ukanda mmoja uliokamilika, aliugeuza akaniuliza, "Alichanja wapi?"

Nilimwonyesha. Nikachukua kisu, nikagusa upande wa ndani, kwa kina kile nilichokumbuka. Akaweka kidole gumba pale. Akaukunja, akaukunjua.

"Haionekani."

"Haikuonekana kwa muda mrefu."

"Kwa hiyo alikuwa fundi mzuri."

"Kanda, alinizidi mimi. Alimzidi hata baba."

Mzee Salimu alilia akiwa ameushika ule ukanda, machozi yakadondokea kwenye mpira. Hakuyafuta. Alipomaliza alisema tuendelee, na tukaendelea hadi jozi ikatimia.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Alikuwa mzito wa kujifunza na mwepesi wa kukasirika, lakini alirudi. Sijui ni lini niligundua kwamba naamka asubuhi nikiwa na hamu ya kufika kwenye tairi. Nakumbuka nililiona hilo nikaogopa, kama mtu aliyeiba. Nilimwambia Mzee Salimu. Alikuwa anapiga msumari, hakuinua kichwa.

"Hamisi alicheka huko, ulisema."

"Alicheka."

"Basi."

Mzee naye ametangulia sasa. Mimi niko sokoni, si mahali pale pa baba, upande wa pili, karibu na wauza kamba. Mama Shufaa, mjane wa Hamisi, hunikatia kanda siku ambazo duka halina wateja, na mkono wake ni mwepesi. Kazi hii inanipa furaha. Nasema hivyo bila kujificha, kwa sababu nilijificha kwa miaka mingi.

Lakini nimejaribu kupima, na mizani haikai. Sijui ni watu wangapi walifikiwa milangoni na soli nilizokata. Sijui ni wangapi walipata nafasi ya kukimbia kwa sababu ukanda ulikatika kwenye mlima. Yule msichana wa sare hakuwa miongoni mwa waliokimbia. Mtu wa Kahama bado anatudai chai. Hamisi yuko kwenye kilima ambacho siwezi kukionyesha kwenye ramani, bila jiwe, chini ya mizizi niliyoikata kwa jembe butu. Mikono iliyofanya yale ndiyo hii ninayopigia misumari leo. Sina mingine.

Kwa hiyo nina desturi ambayo wateja wameizoea. Kabla sijamkabidhi mtu viatu, namwuliza anakwenda wapi. Wageni hushangaa, wengine hudhani nina udadisi. Juzi alikuja mwanamke mmoja kutoka upande wa Singe, nikampima, nikampigia misumari, nikazishika katambuga zake mkononi.

"Unakwenda wapi nazo, mama?"

"Kwa dada yangu. Kajifungua jana."

Nilimwomba arudie, maana alikuwa amesimama upande wa sikio bovu. Akarudia. Nikampa.